KUJIFUNZA KUSIKIA UPYA

Masomo: Marko 7:31–37, Marko 8:22–26, Waebrania 5:14



Katika Injili ya Marko ziko habari mbili za kuponywa ambazo twazisoma mara nyingi, lakini ni mara chache tunaziweka pamoja. Ya kwanza ni ile ya kiziwi wa nchi ya Dekapoli. Bwana Yesu alimtoa katika msongamano wa watu, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akainua macho juu, akatamka neno moja tu. Na papo hapo yule mtu akasikia na kusema vizuri. Ya pili ni ile ya kipofu wa Bethsaida. Huyu hakuona mara moja. Bwana alipomwuliza kama anaona kitu, alijibu kwa unyofu kwamba watu anawaona, ila wanafanana na miti inayotembea. Bwana hakumkemea wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona sawasawa.

Bwana ni yule yule, na uwezo ni ule ule. Ila mmoja alipona kwa dakika moja na mwingine alipona kwa hatua. Sisi Wakristo twaipenda sana habari ya kwanza. Tukiombea mgonjwa, twataka aondoke amepona, nasi tupige vigelegele. Habari ya pili yatuchosha, kwa maana ina neno moja tusilolipenda: neno "bado". Mwezi huu twapenda kulitazama neno hilo, na mfano wetu ni wa watu wazima waliopoteza kusikia, wakawekewa kifaa ndani ya sikio, na sasa wanajifunza kusikia upya.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi wamelisikia kwa uvumi tu. Sauti ikiingia sikioni huitikisa ngoma ya sikio. Ngoma hiyo huitikisa mifupa mitatu midogo, nayo mifupa hupeleka mtikisiko ndani, katika kiungo kidogo kama punje ya njegere, kilichojiviringa kama kombe la konokono. Wataalamu hukiita koklea. Humo mna chembe hai 15,000 hivi zenye vinyweleo, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme, zipitie mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa kwa ugonjwa, kwa dawa kali, kwa makelele ya miaka mingi au kwa uzee, hazioti tena. Zikibaki za kutosha, kifaa cha kawaida cha kuongeza sauti humsaidia mtu. Zikiwa zimekwisha kabisa, kuongeza sauti ni sawa na kumpigia hodi mtu aliyehama nyumba.

Hapo ndipo kinapohitajika kipandikizi cha koklea. Kina sehemu mbili. Moja hukaa nje, nyuma ya sikio. Ina maikrofoni na kompyuta ndogo, na hushikamana na kichwa kwa sumaku. Ya pili huwekwa na daktari chini ya ngozi kwa upasuaji, na kutoka kwake uzi mwembamba huingizwa ndani ya koklea. Uzi huo una vituo vya umeme, kwa kawaida kati ya 12 na 22, navyo hugusia mshipa wa fahamu moja kwa moja. Angalieni hesabu hiyo, ndugu zangu. Palipokuwa na watumishi 15,000, sasa wapo 22 kwa wingi. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa zamani walisema jambo hili halitawezekana kamwe.

Hata hivyo walikuwapo wasiokata tamaa. Mwaka 1957 huko Paris, André Djourno na Charles Eyriès waliweka waya penye mshipa wa kusikia wa mtu kiziwi, naye akasikia sauti fulani. Mwaka 1961 daktari William House wa Los Angeles akafuata njia hiyo. Na huko Melbourne, Australia, alikuwapo daktari Graeme Clark, mtoto wa mwuza dawa aliyekuwa mgumu wa kusikia. Alikuwa amekua akimwona baba yake akihangaika kuwasikia wateja dukani. Mwaka 1977 Clark alikuwa likizoni pwani, akiwaza jinsi ya kuupenyeza ule uzi ndani ya mizunguko ya koklea bila kuudhuru. Akaokota kombe mchangani, akajaribu kulitia jani la nyasi. Akaona kwamba jani lililo laini nchani na gumu shinani laingia vizuri mpaka ndani. Tarehe 1 Agosti 1978 alimfanyia upasuaji Bwana Rod Saunders, aliyekuwa amepoteza kusikia kwa ajali ya gari.

Australia si nchi ngeni kwetu Waanglikana wa Tanganyika ya Kati, maana Askofu wetu wa kwanza, George Chambers, alitoka huko mwaka 1927. Basi tuisikilize habari hii kama habari ya jamaa. Bwana Saunders alipopigiwa wimbo wa taifa lake kwa njia ya kile kifaa, aliinuka akasimama wima. Aliutambua! Lakini kuyaelewa maneno ya watu ilikuwa kazi nyingine, nayo ilichukua miezi, yeye na wataalamu wake wakifanya majaribio siku baada ya siku. Tangu siku hizo kazi imesonga mbele sana. Hadi mwisho wa mwaka 2019 vipandikizi zaidi ya 700,000 vilikuwa vimewekwa duniani. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuviweka mwaka 2017, na sehemu kubwa ya waliohudumiwa ni watoto.

Sasa tufike penye somo letu. Watu wengi hudhani kwamba mtu mzima akiisha kuwekewa kifaa, siku kinapowashwa atasikia kama zamani. Sivyo. Kwa kawaida kifaa huwashwa wiki chache baada ya upasuaji, kidonda kikiisha kupona. Wengi husema siku ile walisikia milio kama ya ndege, au mabati yanayogongwa, au sauti za watu zinazofanana zote kama mashine inayosema. Mume haitambui sauti ya mkewe. Na hapo machozi huwatoka watu, wala si ya furaha.

Sababu ni kwamba sikio halisikii lenyewe. Sikio hupokea, bali anayesikia ni ubongo. Ubongo wa mtu huyu ulizoea kuzipokea sauti kwa namna moja tangu tumboni mwa mama yake; kisha ukakaa miaka bila kuletewa kitu, hata sehemu ile iliyokuwa ya kusikia ikaanza kushika kazi nyingine, kama ya kusaidia macho. Sasa waletewa ishara za namna mpya kabisa. Ni kama mtu anayeijua lugha yake vizuri, lakini ghafula aandikiwa barua kwa herufi ambazo hajapata kuziona. Maneno anayo, herufi hazijui.

Sisi tuliozoea ubao na chaki twalijua jambo hili. Wenye umri wetu mnakumbuka mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tulikuwa watoto, nasi tuliwaona baba na mama zetu wakikaa chini ya miti jioni, mikono imechoka kwa jembe, wakiandika a, e, i, o, u. Hawakuwa wajinga. Walijua kulima, kusuluhisha magomvi na kulea. Walijifunza tu kitu kipya utu uzimani, na hawakuona haya kukaa benchi moja na jirani. Mtu aliyewekewa kifaa naye yumo katika kisomo cha watu wazima, ila mwanafunzi ni ubongo wake.

Kisomo hicho kina madarasa yake, kama shule. Darasa la kwanza ni kujua tu kwamba sauti ipo au haipo: mlango umefungwa, jogoo amewika, mvua imepiga bati. La pili ni kutofautisha: je, sauti hizi mbili ni sawa au si sawa? Neno "maji" na neno "mahubiri" hutofautiana kwa urefu, hayo ni mepesi. Lakini "bata" na "pata" ni magumu, na "tatu" na "tano" humchosha mtu hata akalia. La tatu ni kulitambua neno lenyewe. La nne ni kuelewa, yaani kusikia swali na kulijibu. Wengi huona maendeleo makubwa katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, na huendelea kupanda polepole mwaka mzima na zaidi.

Mazoezi yake hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu. Jamaa mmoja huketi upande, midomo isionekane, akasoma polepole kwa sauti ya kawaida, naye mwenye kifaa hufuata kitabuni kwa kidole. Msomaji husimama ghafula na kuuliza, "Nimefika wapi?" Wakiisha kuzoea hivyo, kitabu hufungwa, msomaji husoma maneno manne au matano, msikilizaji huyarudia, na akikosea husomewa tena mpaka apate. Baadaye huwasha redio kando ili kuzoea makelele, na mwisho hujaribu simu. Nusu saa kila siku hufaa kuliko saa nne za Jumamosi moja. Na kifaa kivaliwe tangu asubuhi mpaka wakati wa kulala, kwa maana mwanafunzi asiyefika shuleni hafaulu.

Tunamfahamu mama mmoja, mwalimu mwenzetu mstaafu. Aliuguza masikio miaka mingi mpaka yakafa. Watoto wake na ukoo walichanga, akawekewa kifaa. Wiki za kwanza alisikia kelele tupu, akakivua akakitia katika sanduku. Ukoo ukaanza kunong'ona kwamba fedha zimepotea. Na kunong'ona mbele yake ni rahisi, maana hasikii. Kisha alikuja mjukuu wa darasa la tatu ambaye mwalimu wake alikuwa amelalamika kwamba hajui kusoma kwa sauti. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, njoo unisomee." Mtoto alisoma kwa kukwama kwama, silabi moja moja, na mwendo huo huo wa kukwama ndio uliomfaa bibi. Walifanya hivyo kila jioni baada ya kuosha vyombo. Baada ya miezi mitano hivi mama huyo aliweza kufuata somo la Jumapili ikiwa msomaji hakukimbia. Matangazo ya nje, upepo ukivuma, hayasikii mpaka leo. Na mtoto alipanda darasa.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya tatu, twaona jambo lililo karibu na hilo. Kijana Samweli aliitwa usiku, akasikia. Sikio lake halikuwa na kasoro. Lakini mara tatu alikimbilia kwa Eli, kwa sababu hakuwa amejifunza ile ilikuwa sauti ya nani. Aliyemfundisha ni Eli, mzee ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yamefifia. Mungu hakukasirika kwa kuitika kule kusiko mahali pake. Aliita tena. Na mwandishi wa Waebrania asema kwamba Wakristo waliokomaa ni wale ambao fahamu zao zimepata mazoezi kwa kutumiwa, hata waweze kupambanua mema na mabaya. Haya si maneno ya siku moja. Hata kuisikia sauti ya Mungu kuna kisomo chake, na ndiyo maana twarudia masomo yale yale mwaka baada ya mwaka.

Basi, twasema nini kwa Parishi yetu?

Twasema kwanza na wale wanaofundisha kwamba mwenye imani ya kweli atavua kifaa chake na kukitupa. Maneno ya namna hiyo yamewaumiza watu, na hayatoki katika Injili. Bwana aliyetumia vidole na mate yake kumponya kiziwi hakudharau njia za mwili. Mikono ya daktari aliyeokota kombe ufukoni ni mikono aliyoiumba Yeye. Na kitabu cha Mithali chasema wazi nani aliyelifanya sikio. Anayemwambia mgonjwa aliye katika "bado" kwamba hana imani, anamwambia kile ambacho Bwana hakumwambia kipofu wa Bethsaida.

Twasema pia na jamaa za nyumbani. Msiseme naye kwa kupiga kelele. Kelele huyavuruga maneno katika kifaa kile. Mwiteni kwanza kwa jina, atazame, ndipo mseme, pole pole na wazi. Asiposikia mara ya pili, badilini maneno badala ya kurudia yale yale. Zungumzeni mmoja mmoja. Na liko neno moja ambalo twawasihi mlitoe kabisa nyumbani mwenu. Mtu mzima auliza mezani, "Mnacheka nini?" nanyi mwamjibu, "Aa, si kitu." Ndugu, hilo neno "si kitu" humfukuza mtu mezani kwake mwenyewe. Torati ilikataza kumlaani kiziwi, Walawi 19:14. Nasi hatumlaani, ila twamwacha nje. Mwelezeni mlichokichekea, hata kama kweli kilikuwa kidogo. Tena kumbukeni kwamba kusikia kwa namna hii ni kazi ngumu. Jioni akisema amechoka, akivua kifaa akakaa kimya, msiseme anajitenga. Aliyeshinda shambani nanyi humwachia apumzike.

Nanyi wasomaji wa masomo, wanakwaya na wazee wa kanisa: kanisa letu lina bati, na mwangwi wake ni mkubwa. Msifunike mdomo kwa kitabu. Mwacheni mwenye shida ya kusikia akae mbele, karibu na msomaji, si chini ya kipaza sauti kinachokwaruza. Mpeni masomo na namba za nyimbo mapema, ayafuate kwa macho. Na muziki ni mgumu kwake kuliko usemi, kwa sababu vile vituo 22 haviwezi kutofautisha sauti za juu na za chini kama sikio la kwanza lilivyofanya. Wimbo alioupenda tangu ujana waweza kumfikia kama umeharibika. Akinyamaza wakati wa kuimba, msimhukumu. Mwonyesheni mstari tulipofika.

Lakini tusije tukawasahau wengine. Kifaa hiki ni cha gharama kubwa, na wengi katika Parishi hii hawatakipata. Wengine hakiwafai, mtu aliyezaliwa kiziwi akakiwekewa utu uzimani kwa kawaida haelewi usemi kama yule aliyewahi kusikia. Wako ndugu zetu viziwi wenye lugha yao ya alama, lugha kamili yenye kanuni zake, nao hawangoji tuwatengeneze ndipo wawe Wakristo kamili. Wao wangoja tujifunze kuwasalimu. Huko nako kuna kisomo cha watu wazima, na safari hii wanafunzi ni sisi. Twauomba Umoja wa Mama na vijana wa kwaya waanze na salamu, Sala ya Bwana na maneno ya kupeana amani kwa alama. Mtu mzima aweza kujifunza hayo kwa majuma machache akikubali kukosea mbele za watu.

Na kwenu ninyi wenyewe mlio katika kisomo hiki, tunawaandikia kwa heshima. Mtaalamu akiwauliza mnasikia nini, mjibuni ukweli kama yule wa Bethsaida. Msiseme "vizuri" ili kumfurahisha, kwa maana kifaa chaweza kurekebishwa, naye hukirekebisha kwa kufuata majibu yenu. Vaeni kifaa hata siku ya kelele tupu. Tafuteni mtu wa kuwasomea. Na kama nyumbani hayupo, mjulisheni Mchungaji, kwa maana katika Parishi hii wamo walimu wastaafu kadha wa kadha ambao sauti zao bado zina nguvu na jioni zao hazina kazi. Sisi tumo katika hesabu hiyo, nasi tutakuja na Zaburi mkononi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemwuliza kipofu kama anaona, ukamngoja ajibu: utufundishe kuuliza na kungoja. Uwatie nguvu wanaojifunza kusikia. Uwape uvumilivu wanaokaa nao. Uwaongoze madaktari na wataalamu. Na sisi tunaosikia utuondolee uvivu wa kusikiliza. Uweke mkono wako mara ya pili, na ya tatu, kadiri upendavyo. Amina.